Kompyuta Zimefika, Mwalimu Akae Wapi?

Moshi,
11 Aprili 2025

Mpendwa Mama Neema,

Habari za siku nyingi? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila masika imeshika na mlima umejifunika mawingu.

Nimefurahi mno kusikia shule yenu imepata kompyuta. Umeniuliza uanze na nini, na umjibu nini yule mwenzako wa ofisi ya walimu anayesema mashine hizi zinakuja kutunyang'anya kazi. Naanza na hilo la mwenzako, maana jibu lake lilipatikana huko huko mkoani kwenu.

Unalikumbuka shindano la XPRIZE, lile la kimataifa la kutengeneza programu za kumwezesha mtoto ajifunze kusoma mwenyewe? Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, watoto wapatao 2,700 katika vijiji kama 170 vya Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Vilichajiwa kwa umeme wa jua, na mwalimu hakuwepo. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kusoma shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilishuka kwa nusu. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10 mwaka 2019.

Mimi habari hii naisoma kwa pande zote mbili. Mtoto asiyejua darasa kujifunza kusoma kwa kishikwambi ni jambo kubwa, na anayelibeza hajawahi kukaa na watoto wasiojua herufi. Lakini karibu nusu yao walimaliza miezi yote hiyo bila kusoma neno. Hao ndio wetu, Mama Neema. Mashine haimwoni aliyekuja bila kunywa hata uji, wala haijui kwamba yule wa nyuma ananyamaza kwa sababu anaogopa kuchekwa. Mwambie mwenzako kazi ipo, tena nyingi.

Sasa uanze na nini. Shule zikipata kompyuta huwa zinafundisha kompyuta yenyewe: hiki kipanya, hii kibodi, muhula unaisha. Au mwalimu anachukua notisi zile zile za ubaoni, anaziweka kwenye projekta, na watoto wananakili gizani. Nakusihi usipite njia hiyo. Anza na somo lako, tena pale ambapo chaki inashindwa.

Kwangu mimi chaki ilikuwa inashindwa kwenye umeme. Unachora betri, waya na balbu mbili mfululizo, unaeleza kwamba mkondo ni ule ule kila mahali, wanaitikia "yes, madam", halafu kwenye mtihani wanaandika kwamba balbu ya pili inawaka kidogo kwa sababu ya kwanza imeshakula umeme. Unaweza kulisema hilo mpaka sauti ikauke. Wameliamini tangu utotoni, na maneno ya mwalimu hayaling'oi.

Nikaanza kutumia PhET, majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder cha Marekani, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Ni bure, unayapakua mara moja, kisha yanafanya kazi bila intaneti. Mwanafunzi anaunganisha waya kwenye skrini, anaweka ameta, yaani kipima mkondo, kabla ya balbu, kisha anaihamishia baada ya balbu. Namba ni ile ile! Akikosea akaunganisha ncha za betri moja kwa moja, betri inawaka moto pale kwenye skrini na hakuna kilichoungua shuleni. Kabla hawajagusa chochote, kila mmoja anaandika daftarini anachodhani kitatokea. Hapo ndipo somo lilipo. Asiyeandika dhana yake ataangalia namba na kusema alijua.

Kisha toa betri na balbu za tochi halisi, wafanye kwa mikono. Hili usiliache, maana kwenye mtihani wa vitendo watakutana na waya, si picha.

Waache pia wabishane kwa Kiswahili. Tunawapokea kidato cha kwanza wakitoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili, tunawageuzia Kiingereza, kisha tunashangaa kwa nini wamenyamaza. Baadhi ya majaribio hayo yana Kiswahili. Wanabishana, wanaelewa, ndipo tunaandika hitimisho kwa Kiingereza cha mtihani.

Kuhusu kipanya, kuwa mkali. Wanafunzi wanne wakikaa kwenye kompyuta moja, kuna mvulana atakayekishika mpaka kengele ilie, na wasichana watageuka watazamaji. Kwangu mshika kipanya haamui lolote. Anatenda anachoambiwa na wenzake, na wanapokezana. Wasichana wangu wawili waliokuwa hawafungui midomo sasa ndio wanaowaelekeza wengine.

Intaneti isikutishe. Tafuta Kolibri, programu ya bure ya masomo: kompyuta moja inakuwa seva ya kuyahifadhi, nyingine na hata vile vishikwambi vya sensa ya 2022 tulivyopewa walimu vinaungana nayo kwa Wi-Fi, bila bando. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vipo bure kwenye maktaba mtandao yao, ila hapo utahitaji mtandao. Umeme huku unakatika sana masika hii, kwa hiyo nachaji kompyuta mpakato zote mapema.

Jambo moja la kumbana mkuu wa shule sasa, kabla ya uzinduzi na picha: fungu la matengenezo. Chaja zitakufa, feni zitajaa vumbi. Nimeona chumba kizima cha kompyuta kikifungwa kwa kukosa fedha ndogo tu, na watoto wakipita dirishani wakichungulia. Iliniuma sana.

Niandikie kidato cha pili mmefikia mada gani. Nitapakia majaribio na Kolibri kwenye flashi, nikutumie kwa basi la Tanga kabla hamjafika kwenye umeme.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Mama Imani