Katuk ni mboga ya sufuria, si ya blenda

Mhariri,

Makala za lishe zinazousifu mmea wa katuk mara nyingi humalizia kwa ushauri wa kusaga majani yake mabichi na kunywa juisi ili kupunguza mwili. Ushauri huo umeshaua watu.

Katuk ni kichaka cha misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia, hufikia mita 2 hadi 3. Wavietinamu hukiita rau ngót. Sabah, Malaysia, ni sayur manis. Huko ni mboga ya kila siku, na hupikwa. Mpishi hushika ncha ya kitawi na kukokota majani kuelekea shinani yakapukutika yote, akayafikicha viganjani mpaka yakoze rangi, ndipo akayatia kwenye supu inayochemka, dakika 5 hivi. Ladha ni ya njegere changa. Sabah huyakaanga na mayai. Vitunda vyeupe vyenye kofia nyekundu navyo huliwa.

Taiwan, mwaka 1994 na 1995, waliotaka kupungua waliyasaga mabichi, takribani gramu 150 kwa siku, wakachanganya na juisi ya mapera au nanasi. Baada ya wiki kadhaa wakaanza kukohoa na kuishiwa pumzi. Zaidi ya watu 200 waliugua: vijia vidogo vya hewa mapafuni vilipata makovu na kuziba, na makovu hayo hayaondoki kwa dawa. Wapo waliobadilishiwa mapafu, wapo waliokufa. Unga wake nao si salama. Japani iliupiga marufuku mwaka 2003 baada ya watumiaji kuugua vivyo hivyo. Kisamvu kibichi hakuna anayekinywa, sijui katuk imepewa msamaha na nani.

Anayetaka kuupanda achukue kijiti kilichokomaa kiasi, sentimita 20 hadi 30, akisimike penye kivuli na unyevu. Mizizi hutoka baada ya wiki 3 hivi. Ncha laini huoza kabla ya kushika, na mbegu zilizokaa miezi mingi hazioti. Apogoe ukizidi mita 1 na nusu, la sivyo mashina, ambayo ni membamba, hulala chini. Ukikosa maji majani hukakamaa hata yakichemshwa; wakati wa kiangazi achume machipukizi tu.

Msomaji wako,
Muheza