Linux ina programu za ramani, tatizo ni utafutaji

Mhariri,

Yanapozungumzwa mafunzo ya ramani vyuoni na kwenye halmashauri, hakosekani wa kudai kwamba Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, haina programu za kazi hiyo. Zimo tele, ila watu huzitafuta vibaya.

Anayeandika "apt search gis" (apt ni amri ya kutafuta na kusakinisha programu, na GIS ni mifumo ya taarifa za kijiografia) kwenye Ubuntu au Debian, ambazo ni aina za Linux, humwagiwa majina yasiyohusika kabisa, maana herufi hizo tatu zimo hata ndani ya "register". Aandike apt search '^gis-'. Hapo yatajitokeza mafungu yaliyopangwa kwa kazi: gis-workstation, gis-gps, gis-osm, na gis-remotesensing kwa picha za setilaiti. Asipakue fungu zima, bando litateketea. Asome kwanza orodha kwa apt show gis-workstation, kisha achague. Kwa wengi QGIS ya kuchora na kuchambua ramani, GRASS ya uchambuzi wa kina na JOSM ya kuhariri ramani huria ya OpenStreetMap zinatosha.

Ubuntu 22.04 huja na QGIS 3.22, ambayo sasa imepitwa. Toleo linalotunzwa kwa muda mrefu liko kwenye hazina (ghala la programu mtandaoni) ya QGIS wenyewe, qgis.org/ubuntu-ltr. Ufunguo wa kidijitali unaoithibitisha hazina hiyo uwekwe kwanza, la sivyo apt itaikataa. Wala isichanganywe na UbuntuGIS, hazina nyingine ya programu za ramani: kila moja imejengwa juu ya toleo lake la GDAL, maktaba ya kusoma faili za ramani, na zikikutana usakinishaji hukwama.

Lawama isiyo ya haki ni ile ya ramani kuhama. Karatasi za zamani za 1:50,000 za Tanzania zinafuata Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya mahali, ilhali GPS hutoa WGS 84, mfumo wa dunia nzima. Kila mfumo una namba yake, msimbo wa EPSG. Karatasi hiyo ikipewa EPSG:32737 (WGS 84) badala ya 21037 (Arc 1960), kila kitu kitasogea kama mita 300 kaskazini na 90 hivi magharibi. Shule utaikuta katikati ya mto. Tena, 37 mwishoni mwa msimbo ni kanda ya walio mashariki ya nyuzi 36: Dar es Salaam, Morogoro, Arusha. Dodoma mjini imeukosa mstari huo kidogo tu, kwa hiyo hutumia 21036. Hapo wengi huteleza.

Tiba yake ni kubofya kulia, ndani ya QGIS, jina la tabaka (ramani moja kati ya zilizopangwa juu ya nyingine) na kuliwekea msimbo wake halisi. Ule unaoonekana kona ya chini kulia ni wa mradi. Ukiubadilisha, tabaka litabaki palepale lilipokosewa.

Mpima ardhi,
Dodoma