Mwanaidi, sasa nimeelewa

Kyela,
4 Mei

Mwanaidi ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi tu wazima. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu ningelia tu na nisingefikisha neno.

Unakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja huko kwenu? Redio zilitangaza mapema, mkafunga mlango hapo Kilwa mkahamia kwa mjomba wako, na mliporudi mkakuta bati zimeng'oka na minazi imelala. Barabara ya Dar ikawa imekatika kule Somanga, hata mzigo niliotaka kukutumia haukuwa na njia. Nikakupigia, nikakwambia, "Mshukuru Mungu mpo hai, vitu vinatafutwa." Ulinyamaza kidogo, kisha ukasema ahsante. Wiki hizi tatu, tangu mafuriko yatukute na sisi, ule ukimya wako haunitoki.

Kwetu maji hayaji na upepo wa bahari, yanatoka juu. Mvua ikipiga Rungwe na Tukuyu usiku kucha, mito yote, Kiwira, Mbaka, Lufilyo, inateremkia huku bondeni kuelekea Ziwa Nyasa, na huku ni tambarare, yakifika yanatandaa. Siku ile kwetu halikudondoka hata tone. Jioni nilianua nguo zimekauka vizuri kabisa. Saa nane usiku mbwa wakabweka, nikashusha miguu kitandani nikakanyaga maji.

Mume wangu alikuwa Mbeya kazini. Nilimfunga mdogo mgongoni, nikamshika Lusajo mkono, na mkono wa pili nikabeba sufuria ya maharage ya jioni. Vyeti nikaviacha, sufuria nikaibeba. Aliyetutoa ni baba mkwe. Unajua mila yetu ya Kinyakyusa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Wengi siku hizi wameiacha, lakini mzee wangu anaishika, na mimi namheshimu; nikimsikia anakohoa njiani naingia kwenye migomba hadi apite. Miaka kumi na moja sijawahi kumtazama usoni. Usiku ule alikuja na tochi, maji yamemfika kiunoni, akanyoosha fimbo yake nyuma nishike ncha moja, yeye akashika nyingine, akatangulia. Hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anaita tu, "Lusajo, upo?" Mtoto akiitika, anajua na mimi nipo.

Alitufikisha kwenye mwinuko wa kanisa, akarudi kufungua ng'ombe. Mwanaidi, sijawahi kuona usiku mrefu kama ule. Kulipopambazuka alitokea na watatu kati ya watano.

Tukaenda kwa dada yangu Tukuyu, siku kumi na moja. Alitupokea kwa moyo wote, ila baridi ya kule watoto hawakuizoea, wakakohoa. Mimi usingizi ulikataa. Kila mvua iliyogonga bati la dada niliisikia kama inateremka kwangu.

Kurudi sasa. Harufu ilitupokea kabla ya nyumba. Ukutani maji yamechora mstari, unanifika kifuani. Jiko limelala chini: tulilijenga kwa matofali ya kuchoma lakini tukayaunganisha kwa udongo, saruji ilikuwa ghali, na udongo maji yameulamba wote. Nyumba kubwa imesimama, kona moja imepasuka. Choo kimejaa hadi juu, kwa hiyo kisima hatukigusi. Maji ya kunywa tunachota mbali na kuchemsha yote, tunaogopa kipindupindu. Kakao imesimama, imepakwa tope tu. Shamba la mpunga ndilo limenivunja miguu. Masuke yalikuwa yanaanza kutoka. Sasa ni mchanga mweupe kama ufukwe wa Matema. Lingekuwa tope ningesema limeniachia rutuba. Mchanga hauachi kitu.

Halafu kuna mbegu. Siku ninaolewa, marehemu mama alinipa debe la mbegu ya mpunga wake, na kila msimu nachagua masuke mazuri narudishia lile debe. Wewe mwenyewe uliula wali wake ulipokuja, ukauliza nimetia nini. Debe nimelikuta limepinduka sebuleni, na mbegu imeota humohumo kwenye tope, majani membamba ya kijani toka mlangoni hadi chini ya kitanda. Nikakaa chini. Ndipo nilipokumbuka nilivyokwambia vitu vinatafutwa.

Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuharakisha kushukuru kabla hujamaliza kuhesabu kilichopotea. Hata sikukuuliza kilichokuwemo ndani ya nyumba yako. Niandikie uniambie, kimoja kimoja, hata kama imepita miaka.

Miche niliing'oa taratibu kwa kijiko, nikaipanda kwenye beseni lenye udongo. Mingi imenyauka. Jana jioni nilikuta beseni limehamishwa kivulini na limemwagiwa maji, na fimbo ya mzee imeegemea ukuta pale kando. Nikaingia ndani upesi ili aje aichukue.

Na uniambie pia, mvua ya kwanza baada ya Hidaya, ulilalaje?

Wako,
Mama Lusajo