Pinocchio ilikuwa na giza tangu mwanzo

Mhariri,

Wanaolalamika kwamba mwongozaji Guillermo del Toro aliitia giza hadithi ya watoto katika filamu yake ya Pinocchio ya mwaka 2022, wamsome kwanza Carlo Collodi, mwandishi wa hadithi yenyewe. Hadithi ilipoanza kutoka katika gazeti la watoto Italia mwaka 1881, nyenje msemaji alipigwa nyundo akafa sura ya 4 tu, na sura ya 15 Pinocchio, mwanasesere wa mbao, akanyongwa kwenye mwaloni. Hapo ndipo Collodi alipokusudia kuishia.

Sifa kubwa iende kwa ufundi. Katika filamu hii wanasesere halisi husogezwa kwa mkono, picha moja moja. Sekunde moja ni picha 24. Hata kila mkao ukipigwa picha mbili, dakika moja inataka mikao 720. Mguu hukazwa kwa skrubu kutoka chini ya meza. Ikilegea, mwanasesere anatikisika kwenye skrini na kazi inarudiwa. Hata shati jeupe la fundi huakisi mwanga, picha zikamemeteka, ndiyo maana huvaa nguo nyeusi.

Wazazi, katika filamu hii bomu linamuua mtoto mapema kabisa. Kaeni na wadogo wanapotazama.

Mpenzi wa filamu,
Dar es Salaam