Tarehe 6 Oktoba na sisi tufike Fisk

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi na wanafunzi wenzetu wa Afrika Mashariki na Kongo tunaoishi Nashville, Tennessee. Kila mwaka, tarehe 6 Oktoba, Chuo Kikuu cha Fisk kilichoko hapa hapa mjini huadhimisha Siku ya Jubilee. Wanafunzi na walimu hukusanyika katika kanisa la chuo, kwaya ya Fisk Jubilee Singers huimba, kisha waimbaji huenda kuzuru makaburi ya wale waliowatangulia na kuwaimbia. Kwangu mimi hakuna sherehe ya muziki na undugu wa watu Weusi inayoishinda hiyo katika mji huu. Lakini ukitazama waliohudhuria, Waswahili ni wa kuhesabu. Jambo hili linaniuma, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Fisk ilifunguliwa Januari 1866, mwaka haujatimia tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viishe, katika mabanda yaliyokuwa hospitali ya jeshi. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa ndio kwanza wametoka utumwani. Kufika mwaka 1871 mabanda yameanza kuoza na hazina ya chuo imekauka. Mtunza hazina, George White, ambaye ndiye pia aliyefundisha uimbaji, akachukua vijana tisa akaondoka nao Oktoba 6 kwenda majimbo ya Kaskazini kuimba na kuchangisha fedha. Mpiga piano wao alikuwa Ella Sheppard. Huyu binti alizaliwa mtumwa. Baba yake akamnunua ili awe huru, mama yake akabaki utumwani na kupelekwa Mississippi, wakaja kuonana tena baada ya vita. Fikirini mtoto wa namna hiyo, mwenye umri wa miaka 20, anabebeshwa kazi ya kuokoa chuo kizima.

Safari ilianza vibaya. Hoteli ziliwakataa kwa rangi yao. Siku hizo hizo mji wa Chicago ukaungua, nao, pamoja na njaa yao, wakatoa mapato ya onyesho la mwanzo kuwasaidia walioungua. Hapo mwanzo waliimba nyimbo za Kizungu zilizopendwa na wenyeji wa Kaskazini. Zile za wazazi wao, za mashambani na za ibada za kujificha, waliziimba wakiwa peke yao tu, kwa sababu zilikuwa takatifu na kwa sababu zilikumbusha utumwa. Novemba ya mwaka huo, katika mji wa Oberlin, Ohio, mbele ya mkutano wa viongozi wa kanisa, wakaanza mmoja wa nyimbo hizo taratibu. Watu wakaacha mazungumzo yao, wakasikiliza, wakatokwa na machozi. Tangu hapo wimbo wa mtumwa ndio uliowafungulia milango. Mwaka 1872 waliimba Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Grant, mwaka 1873 wakamwimbia Malkia Victoria wa Uingereza. Ziara ya kwanza pekee iliingiza dola 20,000, na fedha za ziara zao ndizo zilizojenga Jubilee Hall, jengo lililokamilika mwaka 1876 na ambalo bado limesimama. Picha kubwa ya waimbaji hao, iliyochorwa Uingereza na Edmund Havel, imetundikwa humo ndani.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu wapo wazazi kati yetu wanaowaambia watoto wao kwamba chuoni kuna masomo, na kwaya, ngoma na uchoraji ni kupoteza muda. Mzazi mwenzangu, hapa mjini kuna chuo kilichojengwa kwa nyimbo.

Tena nyimbo zenyewe si ngeni kwetu. Aliyewahi kuimba pambio atazitambua mara moja: mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, ubeti mfupi unarudiwa na kila marudio yanaongeza uzito, kiongozi akichomekea maneno yake kadiri roho inavyomtuma. Jubilee Singers huimba bila ala yoyote. Makanisa yetu ya Kiswahili hapa Nashville yana kwaya zenye sauti zote nne zilizopangika, na waimbaji waliozoea kukesha wakiimba. Waimbaji wa namna hii kuishi mji mmoja na waimbaji wale bila kujuana ni hasara kwa pande zote mbili.

Nitasema na lile tunalolikwepa. Tumewaweka mbali Wamarekani Weusi. Vyuoni vijana wetu wana usiku wao wa Afrika, wenye pilau, vitenge na bendera, na wenzao Weusi wa hapa wana shughuli zao ukumbi wa pili. Nyumbani baadhi yetu tunawaonya watoto wasijichanganye nao. Maneno hayo nimeyasikia sebuleni kwa watu ninaowaheshimu, na ninayapinga kwa nguvu zangu zote. Barabara tunazopita, shule ambazo watoto wetu wanaingia bila kuulizwa rangi, vilipiganiwa na watu hao. Wanafunzi wa Fisk walikuwa miongoni mwa vijana wa Nashville walioketi kwenye migahawa ya Wazungu mwaka 1960 wakipigwa na kukamatwa hadi ubaguzi ule ukaanza kuvunjika. Tulifika tukakuta njia imefyekwa.

Wala chuo hiki hakikuisubiri Afrika ije kubisha hodi. Mwaka 1930 mchoraji Mweusi Aaron Douglas alichora kwenye kuta za maktaba ya Fisk safari ya watu Weusi kutoka Afrika, kupitia utumwa, hadi uhuru. Baadaye akaanzisha idara ya sanaa na kufundisha hapo hadi mwaka 1966. Mwaka 1943 Fisk ilianzisha masomo ya Afrika, wakati vyuo vingi vya nchi hii havikuona kama bara letu lina la kusomwa. Mmoja wa walimu wake, Lorenzo Dow Turner, alitumia miaka mingi kuwasikiliza Wagullah, wazao wa watumwa wa Kiafrika wa pwani ya Carolina Kusini na Georgia, akakusanya maelfu ya maneno yao yenye asili ya Afrika, mengi yakiwa ya lugha za Kibantu, Kikongo ikiwemo. Wakongomani wenzangu, kazi ile inawahusu.

Na W.E.B. Du Bois, mwanazuoni Mweusi wa Marekani na mtetezi wa haki za watu Weusi, alihitimu Fisk mwaka 1888. Mwaka 1903 aliandika kwa mapenzi makubwa juu ya nyimbo hizi na juu ya Jubilee Hall, na mwaka 1919 aliitisha Paris mkutano wa umajumui wa Afrika (Pan-African), yaani umoja wa watu Weusi wa Afrika na wa ng'ambo. Mikutano hiyo iliendelea, na wa sita ulifanyika Juni 1974 wapi kama si katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam! Mwalimu Nyerere aliufungua, na Wamarekani Weusi wengi walivuka bahari kuja. Wazee wetu waliwapokea kama ndugu. Sisi tunaishi nao mtaa mmoja.

Ninayo maombi matatu. Viongozi wa kwaya zetu wawaandikie Fisk mapema kuomba kukutana na waimbaji wao, tujifunze kwao na wao wasikie pambio zetu. Vyama vya wanafunzi wa Kiafrika katika vyuo vya Nashville viandae shughuli pamoja na wenzao Weusi wa hapa, kuanzia kamati hadi jukwaani, na sio kuwaalika tu kuja kula. Na wewe, Mhariri, utangaze Siku ya Jubilee kwa Kiswahili wiki kadhaa kabla, pamoja na saa na mahali, ili wazazi wanaofanya kazi za zamu wapate kuomba ruhusa.

Wako katika ujenzi wa jumuiya,

Mzazi wa mwanafunzi,
Nashville, Tennessee