Shemeji yako asiikose tarehe ya Cleveland

Ndugu yangu Salehe,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Uliponiambia shemeji yako amehama Columbus kwenda Minneapolis na kubadilisha anwani posta tu, niliingiwa na wasiwasi. Kesi yake ya uhamiaji bado iko wazi, na posta haitoshi hata kidogo.

Huko Marekani mahakama ya uhamiaji iko chini ya Wizara ya Sheria. Wanaopokea maombi ya vibali, na wale wanaokamata na kusafirisha watu, wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Ukimwarifu mmoja, mwingine hana habari. Basi ajaze EOIR-33, fomu ya mahakama ya kubadilisha anwani, ndani ya siku 5 tangu kuhama, aipeleke mahakama yenye jalada lake na nakala kwa mawakili wa serikali. Kisha ajaze AR-11, fomu ya anwani ya wale wa vibali, ndani ya siku 10. Mkewe na kila mtoto mwenye kesi ajaziwe fomu yake, kwa namba yake ya uhamiaji, ile inayoanza na A. Hapa wengi huteleza: baba anajaza yake, watoto wanasahaulika.

Tena, kuhama hakuhamishi kesi. Iko mahakama ya Cleveland, na akitaka ipelekwe Fort Snelling, mahakama ya huko Minneapolis, lazima aombe kwa maandishi. Mpaka hakimu akubali, tarehe ya Cleveland haijaguswa.

Asipofika, hakimu anaweza kutoa amri ya kumwondoa nchini bila yeye kuwepo. Hawezi kujitetea kwamba barua haikumfikia kama hakutoa anwani mpya. Amri hiyo inaweza kumfungia nafuu nyingi za kisheria kwa miaka 10, hata ile ya kuondoka kwa hiari. Kama alikwama kwa jambo zito, mfano ugonjwa mkubwa, ana siku 180 za kuomba kesi ifunguliwe upya. Ombi hilo husimamisha kuondolewa mpaka hakimu aamue.

Mkalimani wa Kiswahili hulipiwa na mahakama, wakili hapana. Kwangu huo ni uonevu, hasa kwa mtoto, lakini ndiyo sheria. Aanze kutafuta wakili leo.

Apige simu ya mahakama, 1-800-898-7180, aingize tarakimu 9 za namba yake, asikie tarehe. Arudie kila wiki, maana huwa wanazisogeza mbele na nyuma. Akikuta imebaki wiki mbili na ombi la kuhamisha kesi halijajibiwa, akate tiketi ya Cleveland.

Wako,
Mwanaidi