Sita au tisa? Wapimeni wagonjwa kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu vile wanavyopimwa kusema wagonjwa wa saratani ya mdomo na koo, maana matibabu yakiisha watu husema alhamdulillah na yakaishia hapo.

Ami yangu ni dalali wa samaki hapa Mombasa, rizki yake ni mdomo. Alikatwa kipande cha ulimi kisha akachomwa miale, na kwa hilo twashukuru, yu hai. Lakini siku ya kupimwa kusema, kliniki moja (siitaji) ilimpa karatasi ya Kiingereza asome! Mzee wa watu chuo cha Kurani kasoma, Kiingereza wapi na wapi, akababaika weee na fomu ikaandikwa matamshi mabovu. Sasa hapo kilipimwa ulimi au ilipimwa skuli?

Na Kiswahili kina mambo yake jamani. Sisi wa Mvita tuna t mbili, ile ya menoni na ile ya ufizini, kuna dh, kuna gh, Kiingereza gh hakina kabisa sasa utajuaje kama mtu kaipoteza? Shida ya ami ni t na s, zote za ncha ya ulimi ndiko alikokatwa. Akisema sita mteja asikia tisa, akisema tisa asikia sita, na huo ni mnada, hebu fikiria.

Halafu wakatuuliza sisi wa nyumbani kama twamuelewa. Twamuelewa ndiyo, tumemzoea, hata akiguna shangazi ajua ataka chai. Mpigieni simu mtu asiyemjua muone. Hata yule mpimaji akiwa na karatasi mkononi si ashajua neno linalokuja, masikio yake yanamsaidia mgonjwa bila mwenyewe kujua. Asikilize mgeni, tena maneno asiyoyajua mbele, aandike alichosikia, ndipo ihesabiwe. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe ni wapi kusema kunamshinda, maana kuna anayeeleweka vizuri lakini ashaacha kutoka nje kwa kuona haya.

Jengine, hakuna aliyemrekodi kabla ya operesheni. Sauti yake ya zamani tunayo kwa bahati tu, voisi za WhatsApp alizokuwa akitugombeza. Na kupima mara moja hakutoshi kwa sababu miale hufanya kazi yake polepole, mate yanakauka, shingo inakaza, mwengine aongea vizuri mwaka huu na miaka ya mbele anaharibika. Wale waliotolewa koromeo zima hao ni habari nyengine, wanajifunza sauti mpya kabisa na kipimo chao hakiwezi kuwa hiki cha ami.

Kwa hivyo wanaohusika hapa Pwani watutengenezee orodha ya maneno ya Kiswahili ya kupimia. Kama hawana wa kuwasaidia waje sokoni asubuhi, ami mwenyewe atawatajia, waanze na sita na tisa.

Mpwa wa dalali,
Majengo, Mombasa